Forodhani na Haki ya Kukaa Bila Kununua

Forodha ni mahali pa kutozea ushuru. Katika karne ya 19 hakikushuka kitu pwani ya mji wa Unguja, wala hakikupakiwa, ila kilipitia hapa Forodhani, karibu na Ngome Kongwe, na kuandikwa na makarani. Pembe za ndovu zilizobebwa na wapagazi kutoka Ujiji na Tabora, sandarusi ya Mrima, karafuu za Unguja na Pemba, vitambaa vya merikani vilivyoletwa na meli za Salem, shanga na baruti, vyote vilihesabiwa. Binadamu nao walihesabiwa. Watumwa walioletwa kwa majahazi kutoka Kilwa waliteremshwa na kulipiwa ushuru kwa kichwa, kama mizigo mingine, mpaka Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alipotia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo baharini na kufunga masoko yake.

Sultani hakukusanya ushuru huo kwa mkono wake. Kwa miaka mingi forodha ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, matajiri wa asili ya Kutch, na baadaye akaishika Tharia Topan. Waliokodi walimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha wakajirudishia fedha zao, na faida juu yake, kwa kila mzigo uliogusa mchanga. Hapakuwa na mahali katika Afrika Mashariki nzima palipokuwa na bei ya kila kitu kama kipande hiki kifupi cha pwani.

Leo mtu anaweza kufika papo hapo saa kumi na moja jioni bila senti mfukoni, akakaa juu ya ukuta wa bahari, akaangalia jua linavyozama nyuma ya majahazi, akarudi kwake usiku na hakuna aliyemwuliza anataka nini. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu Bustani ya Forodhani, na ndilo lisilotajwa sana. Watu husifia pweza wake na taa zake. Lakini mji ambao karibu kila kitu chake cha pwani kimekwisha kuwa na bei una sababu ya kuulinda ukuta huo kuliko pweza.

Bustani hii haikuzaliwa bustani. Agosti 27, 1896, manowari za Waingereza zilipoupiga mabomu mji kwa muda usiofika saa moja ili kumwondoa Khalid bin Barghash aliyejitwalia kiti cha Usultani, makombora yaliangukia sehemu hii hii ya pwani. Jumba la Beit al-Hukm likabomoka. Mnara wa taa ya bahari uliosimama mbele ya jumba la Beit al-Ajaib uliharibika vibaya, na mnara wa saa wa Beit al-Ajaib wenyewe ulikuja baada ya hapo. Miaka 9 baadaye, mwaka 1905, ilianza reli iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, ikitoka karibu na Ngome Kongwe, ikipenya katikati ya nyumba za mjini na kuelekea Bububu, mwendo wa maili 7. Kwa hiyo mtu aliyepita hapa mwanzoni mwa karne ya 20 hakukuta nyasi wala maua. Alikuta mabanda, mizigo, hamali wakipiga kelele za kupishwa, na moshi wa gari moshi.

Kilichobadilisha mambo ni bandari. Katika miaka ya 1920 gati mpya ilijengwa Malindi, meli zikahamia huko, na forodha ikazifuata. Mbele ya Ngome pakabaki wazi. Mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya kutawala, mwaka mmoja tu baada ya jubilii ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, pahala hapo palipambwa na kuitwa Bustani ya Jubilii. Ilikuwa bustani ya fahari za wakati ule, yenye njia zilizonyooka, maua na kibanda cha wapiga bendi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la jubilii lilikwenda na watawala waliolileta. Watu wakabaki na neno lao la tangu zamani, Forodhani.

Wazee wa mjini wanaikumbuka Forodhani ya karabai: meza za mbao zilizopangwa bila mpango, moshi wa mkaa, taa za mafuta zikivuma, na mchuuzi aliyepepea moto kwa kipepeo cha ukili huku akimwita mteja kwa jina la baba yake. Kumbukumbu hizo ni tamu, ila hazipaswi kuficha hali ilivyokuwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukuta wa bahari ulikuwa umeliwa na chumvi na mawimbi. Maji ya mvua hayakuwa na pa kwenda. Nyasi zilikuwa zimekanyagwa mpaka zikawa vumbi, na usiku sehemu kubwa ilikuwa giza. Mji Mkongwe ulikwisha kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini sebule yake ya mbele ilikuwa imechoka.

Kati ya Januari 2008 na Julai 2009, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan waliifumua bustani nzima na kuijenga upya. Ikafunguliwa tena mwisho wa Julai 2009. Anayepita leo huona njia za mawe, miti, pembea za watoto, taa na eneo la kupikia. Kazi kubwa zaidi haionekani, kwa kuwa iko chini ya miguu na nyuma ya ukuta: mifereji ya maji ya mvua, mabomba, nyaya, na ukuta wenyewe wa bahari uliotengenezwa upya. Unguja wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 4. Ukuta unaosimama mbele ya bahari ya namna hiyo husukumwa mara mbili kwa siku, mwaka mzima. Bustani nyingi katika miji yetu hufa kwa sababu fedha zote zilitiwa kwenye maua na lango, halafu mvua ya kwanza ya masika ikaja kuonyesha kwamba chini hapakuwa na mtaro. Forodhani ilianzia chini, na ndiyo maana zaidi ya miaka 10 baadaye bado inakanyagika.

Bora kuitazama saa ya alasiri inapokaribia magharibi, kabla wageni hawajajaa. Wapishi wanasukuma vigari vyao. Mmoja anapanga mishikaki ya ngisi na pweza kwa mistari, mwingine anamwaga mkaa. Muuza miwa anafuta gurudumu kubwa la chuma la mashine yake. Muwa uliomenywa anaupitisha mara ya kwanza ukiwa mzima, kisha anaukunja, anachomeka kipande cha ndimu na kidole cha tangawizi katikati, anaurudisha tena, na mara ya tatu unatoka umekuwa kamba kavu. Povu la kijani hafifu linajaa kwenye jagi.

Bibi mmoja aliyevaa buibui la zamani, la kufungia nyuma ya kichwa, anafika na wajukuu wawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe gilasi moja, ila unitilie kwenye vikombe viwili."

Anampa. Wala hamuulizi kwa nini. Watoto wanakunywa wakiwa wamesimama, wanarudisha vikombe, wanakimbilia kwenye pembea. Bibi anakwenda kukaa chini ya mti na kuvua viatu.

Kwenye meza za mbele, ambako macho ya kamera huelekea, mambo ni mengine. Kuna kile ambacho vibao vinakiita pizza ya Zanzibar, chapati nyembamba inayotandazwa juu ya meza ya bati, ikatiwa nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga na yai, ikakunjwa pembe nne na kukaangwa. Wenyeji waliijua kwa jina la mantabali kabla haijabatizwa. Kuna urojo, mchuzi mzito wa manjano wenye uchachu wa embe bichi, ukiwa na bajia, kachori, kiazi, mshikaki, chipsi za muhogo, chatne ya nazi na pilipili kwa kadiri ya moyo wa mtu. Vyakula hivi vina historia ndefu kama ya forodha yenyewe. Bahari hiyo hiyo iliyoleta merikani na shanga ndiyo iliyoleta kachori kutoka Bara Hindi na mantabali kutoka Uarabuni, vikafika hapa vikakutana na muhogo na nazi. Mgeni analipa bei ya mgeni na mwenyeji analipa bei nyingine, na wengi wamezoea. Ni mazoea mabaya. Bei iliyoandikwa wazi kwenye kibao ingemlinda mgeni na kumheshimu mpishi, na isingempunguzia mwenyeji chochote.

Kisha kuna makachu.

Maji yakijaa, vijana hupanga foleni isiyo na foleni karibu na ukingo. Mmoja anarudi nyuma hatua kumi, anapiga kelele ili watu wampishe, anakimbia, anaruka. Angani anajinyoosha kama mtu anayetaka kuikumbatia bahari, na sekunde ya mwisho kabisa anajikunja ili asiumie. Maji yanapasuka. Watu ukutani wanapiga makofi, naye anapanda tena kwa kushika mawe, chumvi ikimtiririka machoni, na tayari mwenzake yuko angani. Wengine wameugeuza mchezo huu kuwa sarakasi za mizunguko miwili, na video zao zimesambaa duniani. Kwa asili yake ni mchezo wa watoto wa mjini usiohitaji kiatu, kiingilio wala refa. Kinachohitajika ni kusoma maji. Kijana anayeruka maji yakiwa yamejaa na anayeruka saa tatu baadaye wanaruka sehemu mbili tofauti, kwa sababu ile tofauti ya bamvua inaweza kuuacha mwamba karibu na uso wa maji. Wanaojua huwakataza wageni na watoto wadogo. Mwokoaji mmoja aliyefundishwa na kibao kimoja cha saa za kujaa na kupwa vingefaa hapo kuliko katazo lolote.

Michezo na vyakula huonekana kwa urahisi. Kuna faida nyingine ya bustani hii ambayo haipigwi picha, nayo inahusu wanawake.

Mji Mkongwe una utamaduni mkubwa wa baraza. Nje ya nyumba nyingi kuna viti vya saruji vilivyojengewa ukutani, na jioni wanaume hukaa hapo na kahawa chungu, kashata na bao, wakizungumza siasa na mpira. Jaws Corner ni mfano unaojulikana mpaka nje ya nchi. Ni utamaduni mzuri, lakini kwa kawaida ni wa wanaume. Mwanamke ana nyumbani, ana shughuli za arusi na misiba, ana safari za sokoni Darajani. Mahali pa nje pa kukaa tu, bila sababu, bila kazi mkononi, jioni, bila mtu kumtazama kwa jicho la "umefuata nini," hapapatikani kirahisi. Forodhani humpa mahali hapo. Jioni za Ramadhani baada ya tarawehe, na siku za Idi zaidi, utaona kina mama wamekaa kwa makundi juu ya mikeka na kanga zilizotandikwa nyasini, chupa ya chai katikati, watoto wakizunguka karibu, mazungumzo yakiendelea mpaka saa nne za usiku. Mwanga wa taa, watu wengi na uwazi wa pande zote ndivyo vinavyowezesha hayo. Anayetaka kujua kwa nini taa ya barabarani ni jambo la haki na si mapambo tu, akaangalie hapo.

Ndiyo sababu kila pendekezo la kuiongezea bustani hii biashara lipimwe kwa swali moja: baada ya hapo, bibi wa gilasi moja na vikombe viwili atakaa wapi? Wachuuzi wana haki ya riziki, na Forodhani bila moshi wa mishikaki ingekuwa kiwanja cha gwaride. Lakini bustani haitwaliwi kwa tingatinga tu. Hutwaliwa pia kwa viti vya plastiki, kimoja kimoja. Leo viti sita mbele ya meza, kesho kamba, keshokutwa kibao cha "kwa wateja tu," na aliyezoea kukaa pale anajisogeza bila kugombana na mtu, mpaka siku moja haji tena.

Na pwani yenyewe inazidi kuwa finyu. Hatua chache kuelekea Shangani, jengo la Mambo Msiige la katikati ya karne ya 19, lililotumika kwa miongo mingi kama jengo la umma, limegeuzwa sehemu ya hoteli kubwa ya kifahari iliyofunguliwa mwaka 2015, na ujenzi huo ulileta maswali mazito kutoka UNESCO. Upande wa pili wa barabara, Beit al-Ajaib, lililojengwa na Barghash mwaka 1883, lilibomoka sehemu yake Desemba 25, 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Urithi huu unaweza kupotea kwa njia mbili, kwa kuuzwa na kwa kuachwa. Forodhani imenusurika zote mbili mpaka sasa kwa sababu ilitengenezwa ilipochakaa, na kwa sababu kila jioni imejaa watu ambao wangepiga kelele ikifungwa.

Nairobi inayajua haya vizuri. Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wakazi wa mji mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, ilitaka kuchimbwa mwaka 1991 ili pajengwe maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani na bustani ikabaki. Miaka miwili kabla, Wangari Maathai alisimama peke yake, au karibu peke yake, dhidi ya jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni. Jumba halikujengwa, na mwaka 2011 taifa lilimuaga katika bustani hiyo hiyo. Hati ya kiwanja pekee isingeziokoa bustani hizo. Ziliokolewa na watu waliozoea kukaa ndani yake.

Upungufu mkubwa wa Forodhani hauko ndani ya Forodhani. Ni kwamba iko peke yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kati yao 893,169 wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Wengi wa hao hawaishi Mji Mkongwe. Wanaishi Ng'ambo na kwingineko ambako mji umetanuka: Jang'ombe, Magomeni, Amani, Mwanakwerekwe, mpaka Fuoni na kupita. Tangu zamani Ng'ambo ilitengwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa, na fahari zote za mji, bustani zikiwamo, zilipangwa upande wa magharibi wa maji hayo. Mkono wa bahari umekuwa barabara pana, lakini mgao wa bustani haujabadilika sana.

Nafasi za wazi si kwamba hazipo kabisa. Viwanja vya Mnazi Mmoja vimechezewa mpira kwa vizazi na vizazi. Kariakoo pana viwanja vya kufurahishia watoto vya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, na sikukuu zikifika hapatoshi. Majumba ya Michenzani yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Abeid Amani Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yaliachiwa uwazi mpana kati yake, na mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioandaliwa na Serikali pamoja na washirika wakiwamo Jiji la Amsterdam, uliweka maeneo ya umma katikati ya fikra zake. Lakini uwanja wa mpira ni wa vijana wa kiume kwa sehemu kubwa, na mabembea ya umeme yanataka fedha kila unapopanda. Mama wa Magomeni mwenye watoto wanne akitaka jioni moja ya upepo chini ya mti, na taa, na choo safi, na pembea isiyo na tiketi, ahesabu kwanza nauli ya daladala ya watu watano kwenda na kurudi. Ushuru wa forodha umerudi kwa mlango wa nyuma.

Si lazima kila mtaa upate bustani ya mabilioni. Vitu vilivyoifanya Forodhani iwe Forodhani vinahesabika kwa vidole: kivuli, mahali pa kukaa, mwanga usiku, maji yanayojua pa kwenda, pembea, na mtu wa kufagia anayelipwa mshahara wake kwa wakati. Bahari ndiyo isiyoweza kupelekwa Jang'ombe. Vingine vyote vinapelekeka. Kiwanja cha ukubwa wa nyumba nne, kikipandwa miembe na kuwekewa saruji za baraza pande mbili, moja ya kina baba na moja ya kina mama wasiotaka kubanana nao, kinaweza kubadili jioni za mtaa mzima. Wakati wa kukitenga ni sasa, mitaa ya zamani inapovunjwa na kujengwa upya kwa ghorofa, maana ghorofa likishasimama hakuna anayelibomoa ili kupanda muembe.

Kwa hiyo wapangaji wa miji, mabaraza ya manispaa na masheha wanaoitwa kwenye vikao vya ujenzi mpya waombwe jambo moja la kuanzia: katika kila ramani inayowekwa mezani, waonyeshe kwa kidole mahali ambapo mkaazi atakaa bila kununua. Na msomaji wa mjini ambaye hajafika Forodhani tangu Idi iliyopita, akidhani pamekuwa pa wageni, achukue wanawe na mkeka jioni ya leo, akatandike nyasini.

Maji yakijaa, wataona makachu.